Kakule Hakuitika

Sura ya Tisa

Kapiteni Honoré alikuwa amesema saa sita mchana, na Kapiteni Honoré, pamoja na kasoro zake zote, hakuwa mtu wa kuchelewa. Saa sita jeep yake ingesimama mbele ya kituo cha polisi cha Mushaki, na binti aitwaye Kétsia, mwendeshaji wa kompyuta ya chama cha wasafirishaji, angepandishwa nyuma, pingu mikononi, apelekwe Goma kwa waendesha mashtaka wa jeshi. Kosa: kushirikiana na waasi. Tangu vita vianze upya Inspekta Byamungu alikuwa ameona watu watano wakipandishwa jeep ile kwa kosa hilo. Aliyerudi ni mmoja, na hakuwa tena mtu wa kuulizwa swali likajibika.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano, tarehe kumi na nne Machi 2012, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya malisho. Byamungu alimtoa Kétsia mahabusu, akampitisha kwenye tope hadi ofisi ya chama cha wasafirishaji, chumba kimoja cha mbao chenye betri mbili za sola na kompyuta moja iliyozeeka. Watu waliokuwa wamesimama barabarani walisogea pembeni. Hakuna aliyemtukana binti. Walikuwa wanaitazama ile kompyuta kupitia mlangoni, na mama mmoja alijifanyia ishara ya msalaba.

Byamungu hakuwalaumu. Jumatatu, malori matatu yalikuwa yameondoka hapo Mushaki kuelekea Walikale, yakavamiwa mbele ya Masisi, karibu na kituo cha saba cha ulinzi wa njia. Watu kumi na wanne walikufa. Kila simu iliyookotwa kwenye majani ilikuwa na ujumbe uleule wa saa kumi na moja na nusu alfajiri: *Njia iko wazi mpaka Walikale. Polycarpe anawasalimia.* Na Polycarpe, fundi aliyeijenga kazi ile yote ya kuwatumia madereva habari za njia, aliuawa mwezi wa Desemba kwenye njia ileile, akipeleka betri. Hata mwili wake haukupatikana, vilirudi viatu tu. Salamu zake zilibaki ndani ya mashine kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzitoa. Sasa Mushaki nzima ilisema kwamba marehemu amechoka kukaa peke yake huko msituni na ameanza kuwaita madereva.

Byamungu alikuwa mkatoliki na polisi, na kwa sababu zote mbili hakutaka kuamini jambo hilo. Lakini alipoingia chumbani alijikuta ametembea kwa ncha za vidole, akajikasirikia.

Mkuu wa ofisi, Valentin, alikuwa anawangoja ndani, shati limepigwa pasi.

"Andika vile unaandikaka kila siku," Byamungu alimwambia Kétsia. "Lakini kusitoke ujumbe hata moja. Inawezekana?"

"Inawezekana, Papa Inspekta. Polycarpe aliweka neno ya kujaribu."

Aliketi. Pingu zilimlazimu kuandika mikono imekaribiana. Skrini ilikuwa nyeusi tupu, haina picha wala vitufe vya kubonyeza, ni maandishi tu. Kwenye weusi huo aliandika maneno matatu: *itika asubuhi jaribu.*

Jana Byamungu alikuwa ameelezwa maana yake, na alihitaji kuelezwa mara mbili. Mashine ya aina ile haifanyi kitu mpaka uiandikie amri, na amri zake ni ndefu na hazisamehe kosa la herufi moja. Polycarpe, ambaye alijua kwamba watakaokaa kwenye kiti kile hawatakuwa mafundi, alitengeneza kifaa akakiita *itika*. Unakifundisha jina, nyuma ya jina unaficha amri ndefu kumi. Kesho yake unaita jina tu, na amri zote zinaitika kwa mpangilio. Jina moja laweza kuyaita majina mengine. *Asubuhi* lilikuwa jina la namna hiyo.

Skrini ikajibu, mstari baada ya mstari, polepole:

*Mumbere ameitika.*
*Kambale ameitika.*
*Kasereka ameitika.*
*Katembo ameitika.*
*Mbusa ameitika.*

Baada ya mstari wa tatu Kétsia aligeuza uso akatazama dirishani, hakuangalia mwisho.

"Hawa ni nani?" Byamungu aliuliza.

Valentin alicheka kidogo. "Haiko watu, Inspekta. Ni majina ya commandes tu. Polycarpe alikuwa Munande, alizipatia majina ya kwabo. Mwingine angeziita moja, mbili, tatu."

"Kila moja inafanya kazi gani?"

Kétsia alieleza, na Byamungu akaandika. Barabarani kulikuwa na walinzi tisa wa njia, kila mmoja na simu yake. Kila alfajiri kila mlinzi hutuma neno moja, *salama* au *hatari*. Mumbere hukusanya maneno hayo. Kambale huyapanga kituo kwa kituo. Kasereka huyaonyesha kwenye skrini. Katembo hutunga ujumbe, na Mbusa huutuma kwa madereva na wachuuzi mia tatu na zaidi.

"Na kama mulinzi mumoja hajajibu?"

"Mashini njo inaangaliaka. Ikikosa mumoja inasimamisha yote. Inatuma 'Subirini'."

"Nionyeshe pahali inaangalia."

"Sijui iko wapi mule ndani. Mi naandikaka 'asubuhi' tu."

Alijibu upesi, swali halijatulia. Byamungu aliandika jibu, kisha akaweka nukta ndogo pembeni. Miaka kumi na tisa alikuwa anaweka nukta hiyo mbele ya majibu yaliyokuja haraka, na mara nyingi ilimlipa.

Alimwambia afungue amri zenyewe, akazisoma moja moja. Hakukuwa na mstari wowote wa kuwahesabu walinzi. Mumbere alikusanya yaliyokuja, basi. Mlinzi akinyamaza, mashine haikujali.

"Haijawahi kuwa," Valentin alisema kwa upole wa mtu anayesema jambo la kuhuzunisha. "Kuangalia ni kazi ya operateur. Kasereka anamuonyesha, yeye anaangalia na macho yake. Hilaire wa kituo cha saba alinyamaza tangu tarehe makumi mbili na munane ya mwezi wa pili. Siku kumi na moja huyu dada alituma 'Subirini', muzuri kabisa. Siku ya Posho, tarehe kumi, anatuma 'wazi'. Hilaire angali kimya, hadi leo hatujui iko wapi. Wewe uniambie, Inspekta, juu ya nini?"

"Sikutuma miye 'Subirini'," Kétsia alisema. "Mashini ilituma."

"Mashini gani? Amesoma yote sasa hivi, mbele yako."

Na hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama tangu jana: neno la binti upande mmoja, na upande wa pili mashine yenyewe, iliyokuwa inamwita mwongo.

"Wewe unajua kuitumikisha hii kitu?" Byamungu alimwuliza Valentin.

"Miye? Mi ni chef wa bureau. Ordinateur naiangaliaka kwa mbali, kama ng'ombe ya wenyewe."

Byamungu alichukua karatasi nne akanakili amri zote kwa mkono, herufi kwa herufi, pamoja na vistari na mabano asiyoyaelewa. Wenzake wa Sake humcheka kwa tabia hiyo. Humwita Papa Photocopie. Alimaliza saa tatu na nusu, akamrudisha binti mahabusu.

---

Mama Anastasie alikuwa amekwisha fika kituoni, amekaa kwenye benchi, sufuria mbili zimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa na duka la sabuni na vitenge pale Mushaki, na alikuwa mama yake Polycarpe. Tangu jana ndiye aliyemletea Kétsia chakula, kwa sababu mwezi wa kumi na moja wazee wa pande mbili walikuwa wamekubaliana, na Kétsia angekuwa mkwe wake baada ya Pasaka. Kijiji kilishangaa kumwona anapeleka sombe kwa mtu anayesemwa ameua watu kumi na wanne. Yeye hakuwauliza maoni yao.

Byamungu alieneza karatasi mezani ili azikague sufuria, kama utaratibu unavyotaka. Alipoinua kichwa, Mama Anastasie alikuwa ameinama juu ya karatasi, miwani imeshuka puani.

"Kaka Inspekta, juu ya nini unaandika watoto yangu?"

"Watoto yako?"

"Mumbere. Kambale. Kasereka." Alizigusa kwa kidole, moja moja. "Haya njo majina ya nyumba yangu. Ya kila nyumba ya Munande. Mwanaume wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka." Kidole kilisimama. Kilirudi nyuma, kikaanza tena, kikasimama palepale. "Na wa ine iko wapi?"

"Wa ine?"

"Kakule. Hapa umetoka Kasereka, umeanguka juu ya Katembo. Katembo ni wa tano. Mbusa wa sita. Mama hawezi kuzaa Katembo kama hajazaa Kakule."

Byamungu aliketi. Alikuwa ameishi na wafanyabiashara wa Kinande zaidi ya miaka ishirini, amenunua chumvi kwa akina Kambale wangapi sijui, amewafunga akina Kasereka wawili na kuwabatizia watoto akina Mumbere watatu. Alijua majina yao hufuata mzaliwa, kama kila mtu anavyojua. Lakini hakuwahi kukaa akayahesabu. Asubuhi ile yalipita mbele yake mara mbili, kwenye skrini na chini ya kalamu yake mwenyewe, na akayaona kama orodha ya majirani. Alijiona mjinga, na alistahili.

"Polycarpe mwenyewe," aliuliza, "jina yake ya kuzaliwa?"

Mama Anastasie alifunga tena sufuria, ingawa ilikuwa imefungwa.

"Kakule," alisema.

Nje ng'ombe walikuwa wanapitishwa, na kengele zao zilisikika kwa muda mrefu.

"Alikuwa muntu wa haya, Mama? Angeweza kuruka jina yake mwenyewe?"

"Polycarpe?" Alifikiri kwa uaminifu, hakutaka tu kumfurahisha. "Ile mutoto alihesabuka hata ngazi za kanisa. Kama yeye njo aliruka, alikuwa na sababu. Na kama iko muntu mwingine alimutosha, alimuondoa mule..." Akasita. "Alikufa mara moja, kaka. Inatosha. Wasimuue tena mule ndani."

---

Saa nne na robo Byamungu alikuwa amerudi ofisini na Kétsia. Safari hii hakumketisha binti. Alimwonyesha Valentin kiti.

"Wewe njo utaandika. Yeye atasema tu, mikono yake iko mbali. Kesho mutu asinielezee ati aligusa kitu."

"Inspekta, nilishakuambia mi sijui..."

"Atakufundisha."

Valentin aliketi. Kétsia alisimama ukutani, polisi mmoja kando yake, akaanza kusema herufi. Valentin alizitafuta kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akakosea tena. Ilichukua muda wa kuudhi kupata orodha ya amri. Zilikuwa tano.

"Wa ine iko wapi?" Byamungu aliuliza.

"Wa ine gani?"

"Kakule. Wanande hawarukake mutoto."

Valentin hakushtuka. Aliegemea kiti akafikiri, na jibu lake lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. "Kakule njo yeye mwenyewe Polycarpe. Muntu wa heshima hawezi kuweka jina yake juu ya kila kitu. Alijiruka."

Lingeweza kuwa kweli. Mbele ya kapiteni lingetosha kabisa, maana kapiteni angekuwa na mashine upande wake na mama mfiwa anayehesabu vidole upande wa pili. Byamungu alitazama saa. Akamgeukia Kétsia.

"Muntu akibadilisha hizi commandes, mashini inakumbuka?"

Kétsia alitazama mikono yake.

"Inakumbuka," alisema.

"Inakumbuka namna gani?"

"Polycarpe aliogopaka kupoteza kazi. Ukifungua mufuko wa commandes na kubadilisha kitu, ile ya mbele, ya zamani, inabakia pembeni. Jina ni ile ile, lakini iko na mukia kwa nyuma. Haionekanake kama haujaiomba."

Jana nzima binti huyu alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji akijua hivyo. Byamungu aliweka nukta nyingine pembeni, kubwa kuliko ya kwanza.

"Tuiombe, basi. Sema."

"Kwanza inabidi kuingia mule anaweka..."

Hakumaliza. Valentin alikuwa amekwisha ingia. Mikono yake yote miwili ilipita juu ya vitufe kama mikono ya mwanamke anayesuka nywele, jina la mfuko likajitokeza lote bila kosa, akabonyeza. Kisha akaona alichofanya. Mikono ilibaki hewani.

Byamungu aliandika: *Saa nne na dakika arobaini. Chef Valentin ameandika jina la mfuko kabla halijatajwa, kwa vidole vyote.* Alisoma alichoandika kwa sauti ya kawaida, akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga.

"Endelea," akasema. "Sasa hauhitaji mwalimu."

Nakala yenye mkia ilikuwepo. Ilifunguka. Humo watoto walikuwa sita, na kati ya Kasereka na Katembo palikuwa na mistari saba ambayo Byamungu hakuielewa, na juu yake maneno ambayo kila mtu angeyaelewa. Polycarpe alikuwa na desturi ya kuweka neno la maelezo juu ya kila amri, kwa ajili ya watakaokuja baada yake:

*Kakule. Anahesabu walinzi tisa. Akikosa mmoja, hakuna gari linalotoka. Atawachosha. Msimfukuze.*

Byamungu aliyasoma mara mbili. Polycarpe hakujiruka, basi. Kazi ya kukataa, kazi ambayo hakuna anayempenda mwenye kuifanya, alikuwa ameipa jina lake mwenyewe. Byamungu hakuwahi kumjua Polycarpe akiwa hai, na alisikitika kwa hilo sasa hivi, ghafla, kama mtu aliyefika matanga siku ya mwisho.

"Ilibadilishwa siku gani?"

Valentin hakugusa vitufe. Kétsia alisoma kutoka ukutani pale alipo: "Vendredi, tarehe kenda, mwezi wa tatu. Saa saba na dakika makumi mbili ya muchana."

Kitabu cha mahudhurio kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Byamungu alikitungua mwenyewe. Ijumaa tarehe tisa: *Kétsia, ruhusa kuanzia saa tano, kwenda kumwona mama yake hospitali ya Kirotshe, kurudi jioni. Valentin, yupo.* Ruhusa ilikuwa na saini na mhuri. Saini ilikuwa ya Valentin.

Alikiweka kitabu juu ya meza, wazi, karibu na mikono ya mkuu wa ofisi.

Valentin alizungumza bila kuinua macho. "Siku kumi na moja, Inspekta. Siku kumi na moja hii mashini inasema subirini, subirini. Kabichi ya watu inaoza hapa kwa barabara. Iko mama alibebwa na tipoyi ya miti, kwa mabega ya watu, toka Masisi juu ya gari kukosa, akazalia mu pori. Wanakuja kulia kwa mulango yangu, haiko kwa mulango ya marehemu. Na Hilaire, kila muntu anamujua Hilaire. Analewaka, simu inazima siku tatu, siku tano. Nilisema charge imeisha. Charge tu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilitosha ile moja. Sikutuma waasi. Sikuua muntu. Nilitosha moja tu, ile ilikuwa inatusumbua."

"Na jana, wakati walimufunga huyu dada?"

Valentin alikisogeza kitabu cha mahudhurio mbali na mikono yake.

Byamungu alikuwa amejiandaa kumchukia, na ingekuwa rahisi zaidi. Mwaka mzima alikuwa anatafuta watu wanaouza barabara kwa wenye bunduki, na huyu hapa hakuuza chochote. Alichoka tu kuambiwa hapana. Byamungu alimwomba polisi ufunguo wa pingu, akazifungua mikononi mwa Kétsia, na chuma kilikuwa bado kina joto alipokifunga kwenye mikono mingine.

---

Hati ya mahojiano ilimalizika kituoni saa sita kasoro dakika tano, kurasa sita, na jeep ilifika saa sita kamili. Kapiteni Honoré alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho akiwa amesimama. Alikuwa amekuja kuchukua mtu mmoja, na kulikuwa na mtu mmoja wa kuchukua, kwa hiyo hakuona tatizo. Askari wake walimshika Valentin mikono wakamtoa. Shati lake lilikuwa bado limenyooka. Barabarani mwanamke mmoja akaanza kulia, na wengine wakamfuata.

Ndani walibaki Byamungu na Kétsia, meza kati yao. Ilibaki saini yake tu, kama shahidi. Alimgeuzia karatasi na kumpa kalamu.

Kétsia hakuipokea.

"Haijatimia, Papa Inspekta."

"Inakosa nini?"

"Umeandika sikujua."

Byamungu alitazama nukta zake mbili pembeni. Alikuwa amezisahau kwa furaha ya kumpata mwenye kosa, au alitaka kuzisahau.

"Asubuhi nilikuuliza wapi mashini inaangalia," alisema taratibu. "Ulisema haujui. Ulijua hata ile ya mukia. Ungeniambia jana, ungelala kwa nyumba yako. Juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu ungeniuliza ni siku gani niliona anakosa."

Nje injini ya jeep ilikuwa inanguruma, haijaondoka.

"Ni siku gani?"

"Siku ya Posho, asubuhi. Siku ile ile." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miye ni Munande, Papa Inspekta. Nitakosaje kumuona? Tangu alikufa, kila asubuhi naita, na yeye anaitika. Mumbere ameitika, Kambale, Kasereka, halafu yeye. *Kakule ameitika.* Miezi miwili na nusu. Viatu yake iko chini ya kitanda yangu, na mashini inaniambia iko pale, ameitika. Nilikuwa nafunga macho kwa ule musitari. Halafu siku ya Posho naona wametoka tatu, wakafika tano. Hakuitika."

Aliisukuma karatasi irudi upande wa Byamungu.

"Nilifurahi. Unasikia? Nilisema sasa amelala. Nilimushukuru Mungu. Sikuuliza muntu ni nani alimutosha, juu niliogopa wangemurudisha. Na nilijua ile kazi alikuwa anafanya. Nilijua, na nikaacha ujumbe ikaenda. Posho, na siku ya Mungu, na siku ya kwanza, ile ya malori." Hapo machozi yakamtoka, bila sauti. "Andika."

Byamungu alishika kalamu. Alikuwa mtu wa kuandika yote, ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo kazini. Watu kumi na wanne walikuwa wamelala kwenye nyumba ya misheni, na wenye kuwalilia walikuwa hatua thelathini kutoka mezani pake, na walikuwa na haki ya kila neno alilolisikia sasa hivi. Alijua pia jeep ina nafasi ngapi, na kwamba wale wa Goma hawatauliza binti alihisi nini. Watasoma neno moja, *nilijua*, basi. Alitazama nafasi iliyobaki chini ya ukurasa wa sita. Ilitosha mistari minne.

Mlango ulisukumwa. Kapiteni Honoré aliingiza kichwa tu, kofia imelowa.

"Inspekta, tunaenda. Iko mwingine?"

Kétsia alikuwa amekwisha simama.

"Hapana," Byamungu alisema. "Ni huyo mumoja."

Kapiteni alifunga mlango. Walisikia jeep ikigeuka kwenye tope, ikashika barabara ya Sake, mlio ukapungua mpaka ukaisha. Kétsia alibaki amesimama, anamtazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Keti," alimwambia. "Weka saini hapa."

Aliketi, akashika kalamu. Alisaini, jina lake lote. Byamungu alingoja wino ukauke. Kisha chini ya saini hiyo, kwa mwandiko wake wa kawaida, aliandika mstari ambao sheria inautaka mwishoni mwa kila hati: kwamba shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali, na hana la kuongeza.